Tembe ni ile ile, tumbo si lile: Upasuaji wa uzani na dawa za moyo

UNENE wa kupindukia umeingia katika orodha ya maradhi yanayowakosesha usingizi wapangaji wa sera za afya humu nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008-09 ulibaini kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzani uliopita kiasi. Kufikia 2014, alikuwa mmoja kati ya watatu. Uchunguzi wa 2022, ambao uliwahesabu wanawake wa miaka 20 hadi 49, ulipata asilimia 45. Kwa wanaume, kiwango hicho kilikuwa asilimia 19.

Uzani huo haukai peke yake mwilini. Huandamana na kisukari, shinikizo la damu, mshtuko wa moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 ulimwenguni mnamo 2019, wengi wao katika mataifa ya kipato cha chini na cha kadri. Ndiposa wagonjwa wengi wanaokabiliana na unene huwa pia wanameza tembe kila siku ili damu isigande ndani ya mishipa yao.

Sasa baadhi yao, hasa wenye uwezo wa kifedha, wanauchagua upasuaji wa kupunguza uzani. Upasuaji huo hufanywa katika hospitali za kibinafsi jijini Nairobi, na wapo Wakenya wanaousafiria ng'ambo. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: Tumbo likishakatwa na njia ya chakula ikishabadilishwa, je, tembe za kulinda moyo huendelea kufanya kazi jinsi zilivyofanya hapo awali?

Jibu la wataalamu ni kwamba mambo hubadilika. Kuna dawa ambayo huelekea kupata nguvu zaidi, na kuna nyingine ambayo huenda ikapungua nguvu. Jambo la kutisha ni kwamba mgonjwa mwenyewe hana namna ya kuhisi mabadiliko hayo. Shinikizo la damu hupimwa kwa mashine ya mkononi na sukari kwa tone la damu kidoleni. Damu inayoelekea kuganda haitoi ishara yoyote hadi siku inapoziba mshipa.

Kwa mkazi wa Mosocho, Kaunti ya Kisii, suala hili linaweza kuonekana kuwa la watu wa mbali. Sivyo. Mosocho, inayofahamika na wengi kwa sababu ya Shule ya Upili ya Cardinal Otunga, ni mojawapo ya sehemu ambazo wana wake wametapakaa Nairobi na ughaibuni, wakiwemo wale walio katika jamii kubwa ya Wakisii jimboni Minnesota, Marekani. Mtu anaweza kupasuliwa Nairobi au Minneapolis, lakini akirejea nyumbani, dawa atainunua katika duka la sokoni. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

UPASUAJI WENYEWE

Ni vyema kwanza kuondoa mkanganyiko. Upasuaji wa kupunguza uzani hauhusiani na ule wa kufyonza mafuta chini ya ngozi ili kurembesha umbo. Kufyonza mafuta hakuligusi tumbo lenyewe. Upasuaji tunaouzungumzia hubadilisha viungo vinavyosaga chakula, na pamoja nacho dawa.

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi ulimwenguni. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, kati ya asilimia 75 na 80, na kubakisha mfereji mwembamba mfano wa mkono wa shati. Chakula huendelea kupita katika njia yake ya kawaida, ila nafasi ya kukihifadhi huwa imepungua mno.

Katika aina ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takriban mililita 30 hivi, kisha hukiunganisha moja kwa moja na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mdogo. Sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mdogo hubaki mwilini, lakini chakula hakipiti humo tena. Upasuaji wa kuruka tumbo kwa ajili ya kutibu unene ulianzishwa na Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960.

Kwa miaka zaidi ya 30, madaktari waliufuata mwongozo wa Marekani wa 1991 uliotaka uwiano wa uzani na urefu wa mgonjwa ufike 40, au 35 iwapo ana maradhi mengine yaliyosababishwa na unene. Mnamo 2022, vyama viwili vikuu vya madaktari wa fani hiyo vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 huufikia uwiano huo akiwa na kilo 95 hivi. Kwa maneno mengine, mlango umefunguliwa zaidi, na wanaoweza kuingia ni wengi kuliko hapo awali.

Haifai pia kuupaka matope upasuaji huu. Watafiti wa Uswidi waliwafuatilia wagonjwa 509 waliokuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo kisha wakafanyiwa upasuaji wa uzani, wakawalinganisha na wengine 509 wa hali sawa ambao hawakupasuliwa. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba katika muda wa miaka minane, asilimia 18.7 ya waliopasuliwa walipatwa na janga kubwa la moyo au mishipa, au walifariki, ikilinganishwa na asilimia 36.2 ya wenzao. Uchunguzi huo haukuwagawanya wagonjwa kwa kura, na kwa hivyo hauwezi kuwa neno la mwisho. Hata hivyo, unaonyesha kwamba kwa mwenye maradhi ya moyo, upasuaji waweza kuwa rafiki. Hoja ya makala haya ni kwamba rafiki huyo anahitaji kuangaliwa.

SAFARI YA TEMBE

Ili kuelewa kinachobadilika, sharti tufahamu kwanza dawa hizi hufanya nini. Katika damu mna chembe ndogo ziitwazo chembe sahani. Mtu anapojikata, ndizo hukimbilia kwenye jeraha, zikashikamana na kuziba tundu. Bila chembe hizo, mtu angetokwa na damu hadi kufa. Lakini zinaposhikamana ndani ya mshipa wa moyo au wa ubongo uliokwisha kujaa mafuta, huziba njia ya damu, na hapo mshtuko wa moyo au kiharusi hutokea.

Aspirini ya kipimo kidogo, ya miligramu 75 hadi 100, huzima kimeng'enya kimoja ndani ya chembe hizo. Chembe iliyozimwa haiwezi kujirekebisha. Hubaki hivyo kwa uhai wake wote wa siku saba hadi kumi. Hii ndiyo sababu tembe moja kwa siku hutosha watu wengi, kwani kinachohitajika ni kuzima chembe mpya zinazozaliwa kila siku.

Klopidogreli ina safari ndefu zaidi. Tembe inapomezwa huwa bado haijawa dawa kamili. Lazima inyonywe utumboni, ifike kwenye ini, na huko ibadilishwe kwa hatua mbili ndipo ipate makali. Takriban asilimia 85 ya kiasi kinachonyonywa huharibiwa njiani na kuwa kitu kisicho na faida. Ni asilimia 15 tu inayobaki ili kugeuzwa kuwa dawa. Mtu anayepoteza sehemu kidogo tu ya kiasi hicho hana akiba ya kutegemea.

Isitoshe, watu hawafanani katika kazi hiyo ya ini. Wapo waliozaliwa na vimeng'enya hafifu vya kuibadilisha klopidogreli. Mnamo Machi 2010, shirika la kusimamia dawa na vyakula nchini Marekani, FDA, liliagiza onyo maalumu liwekwe kwenye maelezo ya dawa hiyo kwa ajili ya watu wa aina hiyo.

Dawa ya tatu, tikagrelori, haihitaji kugeuzwa na ini. Ikinyonywa, huanza kazi moja kwa moja. Ila humezwa mara mbili kwa siku, na kwa kawaida bei yake huwa juu kuliko ya klopidogreli.

Sasa tazama kinachotokea baada ya upasuaji. Tumbo dogo hutoa asidi kidogo, na tembe nyingi hutegemea asidi ili ziyeyuke ipasavyo. Chakula na dawa hupita upesi zaidi. Kwa aliyerushwa tumbo, tembe huukosa mwanzo wa utumbo mdogo, sehemu ambayo hunyonya dawa nyingi, na huchelewa kuchanganyika na nyongo. Tembe za aspirini zilizopakwa ganda gumu la kuzuia zisiyeyuke tumboni zina utata wake pia, kwa kuwa ganda hilo liliundwa kwa kutarajia tumbo lenye asidi na njia ya urefu wa kawaida.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni mwili wenyewe, ambao hubadilika kadiri kilo zinavyoshuka. Mtu mnene kupita kiasi huwa na uvimbe wa ndani kwa ndani usioonekana, na chembe sahani zake huwa na hasira, tayari kushikamana. Chembe mpya huzaliwa kwa kasi, kwa hivyo tembe ya asubuhi yaweza kuishiwa na nguvu kabla ya siku kwisha. Ini lililojaa mafuta nalo hufanya kazi yake kwa ulegevu. Uzani unapopungua, uvimbe hutulia, ini hupata nafuu, na dawa husambaa katika mwili mdogo.

Basi kuna nguvu mbili zinazovutana. Tumbo lililokatwa laweza kuipunguza dawa inayoingia. Mwili uliopungua hurahisisha kazi ya dawa iliyoingia. Mshindi hutegemea aina ya dawa, aina ya upasuaji, na muda uliopita tangu siku ya kisu.

MATOKEO YA UTAFITI

Kuhusu aspirini, habari ni za kutia moyo. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mnamo 2016 uchunguzi wa wagonjwa waliopimwa kabla na baada ya kurushwa tumbo. Walipata kwamba baada ya upasuaji, aspirini iliingia katika damu kwa haraka zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Marekani walieleza kwamba chembe sahani za wagonjwa waliopungua uzani ziliitikia aspirini vyema kuliko walipokuwa wanene.

Matokeo hayo yanaoana na yale ya Profesa Peter Rothwell wa Chuo Kikuu cha Oxford. Katika uchanganuzi wake wa majaribio kadhaa, uliotolewa 2018, aspirini ya miligramu 75 hadi 100 iliwakinga watu wenye kilo 50 hadi 69 dhidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini haikuonekana kuwafaa waliokuwa na kilo 70 na zaidi. Wengi wa watu hao hawakuwa wamewahi kuugua moyo.

Je, hiyo ina maana kwamba mtu mnene ajiongezee kipimo? La hasha. Jaribio kubwa la Marekani la 2021, lililowahusisha wagonjwa 15,076 wa moyo, lililinganisha aspirini ya miligramu 81 na ya 325. Halikupata tofauti katika vifo wala katika mishtuko ya moyo na viharusi. Kipimo ni kazi ya daktari, si ya jirani wala ya muuza duka.

Kuhusu klopidogreli, hali ni tofauti. Utafiti uliopo ni haba, umewahusisha watu wachache, na haujafikia uamuzi mmoja. Kwa dawa inayotegemea utumbo na ini kwa kiasi hicho, pengo hilo si dogo. Daktari wa moyo anayemhudumia mgonjwa aliyepasuliwa hulazimika kuamua kwa kupima hali ya mtu mmoja mmoja: Ana kijibomba cha waya ndani ya mshipa wa moyo? Kiliwekwa lini? Amewahi kutokwa na damu tumboni? Pengine dawa isiyotegemea ini itamfaa zaidi, iwapo ataimudu.

Suala la kijibomba hicho, kiitwacho stenti, ni la uhai na kifo. Aliyewekewa hutakiwa kumeza dawa mbili pamoja, aghalabu kwa miezi sita, na hadi mwaka mzima iwapo aliwekewa baada ya mshtuko wa moyo. Akiacha mapema, stenti yaweza kuziba ghafla. Kwa sababu hiyo, upasuaji wa uzani, ambao si wa dharura, hufaa kusubiri hadi kipindi hicho kipite. Klopidogreli husimamishwa siku tano hivi kabla ya upasuaji mkubwa, na mwenye kuamua isimamishwe lini na irejeshwe lini ni daktari wa moyo akishauriana na mpasuaji.

VIDONDA NA TEMBE ZA TUMBO

Hatari ya pili iko upande wa kutokwa na damu. Mahali ambapo kifuko kipya cha tumbo huunganishwa na utumbo, kidonda huweza kuchipuka. Uvutaji sigara huongeza hatari hiyo. Bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao wameenea sana barani Afrika, nao huongeza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huongeza zaidi, na hizi ndizo dawa ambazo Mkenya hununua bila kufikiri mara mbili mgongo unapomuuma baada ya kuchuma majani chai au kubeba ndizi sokoni.

Ibuprofeni ina kosa jingine. Ikimezwa karibu na wakati wa aspirini, huweza kuizuia aspirini isizifikie chembe sahani. FDA ilitoa tahadhari hiyo 2006. Mgonjwa hujikuta akipoteza mara mbili: Tumbo linachubuka, na moyo unaachwa bila kinga.

Ili kuzuia vidonda, madaktari huwapa wagonjwa waliopasuliwa dawa za kupunguza asidi kwa miezi kadhaa. Inayojulikana zaidi ni omeprazoli. Hapa ndipo fundo linapokazika, kwa kuwa omeprazoli hutumia kimeng'enya kile kile cha ini kinachoigeuza klopidogreli kuwa dawa. Zinapokutana, klopidogreli hupungua makali. FDA ilionya kuhusu jambo hilo mnamo 2009.

Haki inadai tuseme pia kwamba jaribio lililochapishwa 2010 halikupata ongezeko la mishtuko ya moyo miongoni mwa waliozimeza dawa hizo mbili pamoja, na lilionyesha kwamba omeprazoli iliwaepusha wengi na kutokwa na damu tumboni. Lakini jaribio hilo lilikatizwa mapema kwa kukosa ufadhili, na halikulenga watu waliokatwa tumbo. Njia ya busara inayotumiwa na madaktari wengi ni kuchagua dawa nyingine ya asidi, mathalan pantoprazoli, ambayo haina mgongano mkubwa na klopidogreli. Ni badiliko dogo kwenye karatasi ya daktari, lakini ni nani atalifanya ikiwa aliyeandika dawa ya moyo hajui kuna dawa ya tumbo, na aliyeandika dawa ya tumbo hajui kuna dawa ya moyo?

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Aliyerushwa tumbo hukosa madini ya chuma na vitamini B12, na hivyo huagizwa tembe za kuongeza damu. Tembe za chuma huufanya mchafu wa choo kuwa mweusi. Damu inayovuja tumboni nayo huufanya kuwa mweusi. Mgonjwa aliyezoea kuona weusi wa chuma anaweza kuupuuza weusi wa damu hadi aishiwe na nguvu. Na kidonda kikiwa katika ile sehemu ya tumbo iliyoachwa kando, mpira wa kamera unaopitishwa kinywani hauifikii kwa urahisi.

MOSOCHO NA UMBALI WA DAKTARI

Chukua mfano wa kubuni wa mwalimu mstaafu wa Mosocho. Alipata mshtuko wa moyo, akawekewa stenti Nairobi. Miaka miwili baadaye, watoto wake wakachangishana pesa akafanyiwa upasuaji wa uzani katika hospitali nyingine jijini humo. Alirejea nyumbani, takriban kilomita 300, akiwa na bahasha ya dawa na tarehe ya kurudi. Kilo zikashuka na majirani wakamsifu. Wapo pia walionong'ona kwamba anaugua, maana katika jamii zetu nyingi unene ungali unachukuliwa kuwa dalili ya neema.

Tarehe ya kurudi ilipofika, nauli na ada ya daktari zilikuwa mzigo, na kwa kuwa alijihisi buheri wa afya, aliahirisha. Dawa zilipokwisha, alimtuma mjukuu dukani na pakiti tupu. Alipopata kiungulia, aliuziwa omeprazoli. Goti lilipomsumbua, aliuziwa diklofenaki. Hakuna hata mmoja kati ya wauzaji hao aliyevunja moyo wa huruma. Kila mmoja alimsaidia mzee kwa shida aliyoitaja. Lakini hakuna aliyemwuliza iwapo amewahi kupasuliwa tumbo.

Mfano huu haumsemi mtu yeyote, ila kila hatua yake yaweza kutokea leo katika soko lolote la Kisii au Nyamira. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii (KTRH), ambayo huwahudumia wagonjwa wa Kisii na kaunti jirani, iko karibu. Aliye Nyamira ana hospitali ya rufaa ya kaunti hiyo. Umbali mkubwa, kwa hivyo, si wa barabara. Ni umbali kati ya faili ya Nairobi na daktari wa Kisii, na kati ya daktari wa Kisii na muuza dawa wa Mosocho.

Kwa mtu aliyepasuliwa Marekani au India, umbali huo ni maradufu. Muhtasari wa hospitali huandikwa kwa istilahi ambazo mgonjwa hazielewi, na aghalabu hubaki katika simu au sandukuni. Wapo pia wanaouficha upasuaji wao kwa kuogopa masimango, kana kwamba kupunguza uzani kwa kisu ni aibu. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayemficha daktari upasuaji wake anamnyima nafasi ya kuchagua dawa ifaayo.

YANAYOPASA KUFANYWA

Mabadiliko ya bima ya afya nchini yametoa fursa ya kulitazama suala hili upya. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) mnamo Oktoba 1, 2024, chini ya sheria ya 2023. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yao, na ipo hazina maalumu ya dharura na maradhi sugu. Mjadala wa umma tangu hapo umetawaliwa na malipo ya hospitali na usajili wa wanachama. Ni muhimu ujumuishe pia yanayofuata mgonjwa anapotoka wodini. Haina maana kulipia kitanda kisha kumwacha mtu amalize miaka 20 ya tembe bila wa kumwongoza.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kila hospitali inayofanya upasuaji wa uzani yafaa impe mgonjwa kadi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayotaja aina ya upasuaji, tarehe, dawa anazotumia na zile asizofaa kumeza. Kadi hiyo ikae mfukoni pamoja na kitambulisho.

Pili, dawa za moyo zikaguliwe upya kwa ratiba: Wiki chache baada ya upasuaji, kisha baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, kipindi ambacho uzani hushuka kwa kasi. Ukaguzi huo waweza kufanyiwa Kisii, daktari wa Nairobi akishauriwa kwa simu. Dawa za shinikizo la damu na kisukari zahitaji ukaguzi huo huo, kwani kipimo kilichomfaa mtu wa kilo 120 chaweza kumwangusha akiwa na kilo 80.

Tatu, wauzaji wa dawa waongeze swali moja kabla ya kutoa ibuprofeni, diklofenaki au omeprazoli: Je, umewahi kupasuliwa tumbo, na je, unatumia dawa za moyo? Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, na kuwapa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Wahudumu hao hufika hadi mlangoni. Swali hilo hilo likiongezwa katika orodha yao, mwalimu wetu wa kubuni angegunduliwa kabla ya balaa.

Nne, Kenya ianze kuweka rekodi zake. Matokeo ya utafiti tuliyoyataja yametoka Uholanzi, Uswidi, Marekani na Uingereza. Vimeng'enya vya ini hutofautiana baina ya jamii za ulimwengu, na bakteria wa tumbo na lishe havifanani. Hospitali za Nairobi zinazofanya upasuaji huu, zikishirikiana na vyuo vikuu na hospitali za rufaa za kaunti, zinaweza kuandikisha kila mgonjwa na kufuatilia hali ya moyo wake. Uswidi iliweza kutoa matokeo yake kwa sababu ilikuwa na daftari la kitaifa la wagonjwa hao.

Sindano mpya za kupunguza uzani, ambazo zimezua gumzo kubwa ulimwenguni, hazitaondoa haja hiyo. Nazo huchelewesha chakula kutoka tumboni na hupunguza uzani kwa kiasi kikubwa. Kila njia inayobadilisha mwili kwa kiwango hicho inadai dawa za zamani zitazamwe upya.

Kwa mgonjwa mwenyewe, funzo ni jepesi kulishika. Asiache aspirini wala klopidogreli kwa hiari yake, hata akijihisi mzima kiasi gani. Asijiongezee kipimo. Asinunue dawa ya maumivu au ya kiungulia kabla ya kutaja upasuaji wake. Akiona choo cheusi cha kunata, akahisi kizunguzungu, akatapika damu au kifua kikambana, aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Na kwa wanaoshika usukani wa afya, katika Wizara na katika kaunti, wajibu ni kuhakikisha kwamba habari za mgonjwa zinasafiri pamoja naye. Upasuaji wa kupunguza uzani huchukua saa chache. Tembe za moyo humezwa kwa miaka yote iliyosalia, na nyingi humezwa mbali na macho ya aliyeshika kisu.